Miti na Mazao Yanapogombana: Mwongozo kwa Maafisa Ugani na Wasimamizi wa Mashamba

Mwongozo huu ni wa afisa ugani, nyapara wa shamba, mkulima wa miti, na yeyote anayeitwa kutoa neno pale mahindi yanapodumaa kando ya mti. Haufundishi kupanda, vitabu vya kupanda vipo vya kutosha. Unahusu yanayofuata baada ya kupanda, mimea inapoanza kunyang'anyana, na jinsi ya kuamua upi upunguzwe, upi uhamishwe na upi uachwe ulivyo.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Mimea haigombani ovyo. Hugombea kitu maalumu: mwanga, maji, chakula cha udongoni, au nafasi ya kutanua matawi na mizizi. Kila kigombewacho kina dawa yake. Mbolea haileti mwanga, na palizi haiondoi kivuli. Nguvu nyingi zinazopotea shambani hupotea kwa sababu mtu ameshika panga kabla ya kujua kinachogombewa ni nini.

Kulisoma shamba

Nenda shambani mara mbili kwa siku moja, asubuhi na tena saa saba mchana. Asubuhi tazama kivuli kinaangukia wapi; mchana tazama nani amenyauka. Mahindi yaliyokosa mwanga huwa marefu na membamba, shina laini, majani yamepauka, na huinamia upande ulio wazi. Yaliyokosa maji huwa mafupi, majani yake hujisokota mchana na kufunguka usiku. Yaliyokosa naitrojeni huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini, rangi ikianzia nchani na kufuata mshipa wa katikati. Yaliyokosa fosforasi huwa na zambarau kwenye kingo za majani yakiwa bado machanga.

Kisha linganisha pande zote mbili za mti au za mstari wa miti. Kivuli kina upande wake, mizizi hutambaa kila upande. Mazao yakiwa yamedumaa hata upande unaopata jua karibu kutwa nzima, mshukiwa ni mizizi. Chimba shimo dogo la kina cha futi moja, hatua tatu au nne kutoka kwenye shina la mti, uone kama mizizi ya mti imejaa kwenye tabaka lile lile yalimo mahindi.

Kabla ya kuuhukumu mti, kumbuka kwamba kingo za shamba zina matatizo yake zenyewe. Pale ambapo trekta au plau ya ng'ombe hugeuzia, udongo umeshindiliwa, na mahindi yatakuwa mafupi hata kusiwe na mti kilomita nzima. Njia ya mifugo, kichuguu cha zamani na mahali palipochimbwa udongo wa matofali huleta sura hiyo hiyo. Mti hushitakiwa kwa makosa mengi usiyoyafanya.

Mwanga

Kwetu, karibu na ikweta, jua hupita karibu juu ya utosi. Mstari wa miti unaotoka kaskazini kwenda kusini hutupa kivuli kirefu juu ya mazao ya upande mmoja asubuhi, na ya upande wa pili jioni. Mstari wa mashariki kwenda magharibi hujitupia kivuli wenyewe kwa sehemu kubwa ya siku. Kwa hiyo shamba tambarare lipangwe hivyo. Kwenye mteremko mstari ufuate kontua, kwa sababu udongo ukishasombwa, hesabu ya kivuli haina maana tena.

Miti iliyokwisha kupandwa vibaya haitahamishwa, itapogolewa. Fanya kazi hiyo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, ili mazao yaanze maisha yakiwa na mwanga. Usiondoe zaidi ya nusu ya kichwa cha mti kwa mara moja. Kata kwanza kidogo upande wa chini wa tawi, ndipo umalizie kwa juu, la sivyo tawi likianguka litachuna gome hadi kwenye shina. Mgrivea huvumilia kupogolewa kuliko miti mingi. Wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya huupogolea hadi kubaki shina lenye kishungi tu, wakapata kuni na fito na mahindi yakapona.

Kupogolea kuna faida ya pili: mti wenye majani machache hunywa maji machache. Ukiwa huna hakika kama ugomvi ni wa mwanga au wa maji, anza na kupogolea. Matawi yataota tena ikiwa ulikosea, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya mti uliokatwa.

Anayetaka kuona mwanga ukigawanywa kwa ustadi aende kwenye vihamba vya Kilimanjaro. Juu ipo miti kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Mwaka 2011 shirika la FAO liliuingiza mfumo huo, kupitia Shimbwe Juu, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Wageni hupenda kusema kwamba pale mimea inaishi kwa amani. Hakuna amani yoyote, kuna panga. Mwenye kihamba hupunguza machipukizi ya migomba, huondoa majani makavu, huchagua tawi la kubaki, na kazi hiyo haina likizo. Kivuli kikiachwa kizidi, kahawa hutoa majani mengi na punje chache.

Upo pia mti unaokwepa ugomvi wa mwanga kwa kupishana na mazao kwa majira. Ni mgunga wa aina ya Faidherbia albida, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi. Mahindi yanapokua, mti uko uchi na majani yake yanarutubisha udongo. Zambia wamehimiza kuupanda mashambani kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, yaani miti 100 kwa hekta. Mweleze mkulima wazi kwamba manufaa yake makubwa huchukua miaka mingi. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kuupanda, na usimlaumu.

Mizizi na maji

Kwa miaka mingi wakulima waliambiwa kwamba mgrivea hausumbui mazao kwa kuwa mizizi yake huzama chini. Ni kweli nusu. Majaribio ya muda mrefu yaliyofanywa Machakos yalionyesha kwamba miti hiyo ikishakua, katika sehemu yenye mvua haba, mavuno ya mahindi yaliyo karibu nayo hushuka, kwani mti na hindi hunywa kwenye tabaka moja la udongo. Penye mvua nyingi ugomvi huo hauonekani sana. Ushauri unaofaa Meru juu usiuhamishie Ukambani kama ulivyo.

Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji maabara. Mwanzoni mwa msimu chimba mtaro mwembamba kati ya miti na mazao, kina cha sentimita 50 hadi 60, urefu wa hatua kumi hivi, na sehemu iliyobaki ya mstari uiache bila mtaro. Usisogee karibu na shina zaidi ya mita moja na nusu, na kwa mti mkubwa kaa mbali zaidi ya hapo. Mtaro unaweza kufukiwa siku hiyo hiyo; kinachotakiwa ni kukata mizizi, si kuacha shimo la kuvunjia watoto miguu. Ikifika palizi ya pili, mahindi yaliyo nyuma ya mtaro yatakuwa yamekujibu. Yakiwa yamewapita wenzao, endeleza mtaro mstari mzima. Yakiwa sawa na wenzao, ugomvi si wa mizizi na umejiokolea kazi ya vibarua.

Tahadhari mbili. Kata upande mmoja tu wa mti kwa msimu mmoja, kwa maana mti uliokatwa mizizi pande zote huangushwa na upepo wa kwanza. Na kwenye mteremko usichimbe mtaro unaoshuka na kilima. Mvua mbili kubwa zitaugeuza korongo. Mizizi itarudi, kwa hiyo kazi hii hurudiwa kila mwaka au kila mwaka wa pili.

Mkaratusi unastahili maneno yake peke yake. Hukua upesi na hunywa maji mengi, na ndiyo maana mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye kingo za mito na maeneo oevu iondolewe. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mambo hayo hayana mjadala. Lakini mti huu umebeba lawama kuliko inavyostahili. Juu ya kilima chenye mawe, mbali na chemchemi na mbali na mahindi, umewalipia watu wengi karo za watoto kwa nguzo na kuni. Husemwa pia kwamba majani yake yana sumu. Ni kweli yana kemikali zinazoweza kuzuia mbegu kuota, ila mahali pakavu ukichimba chini ya mkaratusi, kitakachokupa jibu mara nyingi ni udongo mkavu.

Majuma ya kwanza ya mahindi

Hapa wakulima hupoteza zaidi kuliko wanavyodhani. Jani la kijani hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha ule ulio nje kidogo ya wekundu, ambao jicho la mtu haliuoni vizuri. Mche wa mahindi huipokea ishara hiyo kutoka kwa majirani na kuanza kurefuka kabla hata haujafunikwa, ukitumia kwenye shina nguvu ambayo ingekwenda kwenye mizizi. Maana yake magugu yameshaanza kudhuru yakiwa bado mafupi kuliko mahindi.

Palizi ya kwanza ifanyike wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota, na ya pili ifikapo wiki ya tano au ya sita. Baada ya hapo majani ya mahindi hufunika ardhi na yenyewe huyashinda magugu mengi. Palizi safi iliyochelewa hairudishi kilichopotea. Kama fedha ya vibarua haitoshi palizi mbili, ile moja iwe ya kwanza, tena isicheleweshwe hata kwa ajili ya kungoja mbolea ya kukuzia.

Ndago haisikii jembe. Ukiikata juu, viazi vyake vidogo vilivyounganika chini ya ardhi huchipua upya, na plau huvisambaza shamba zima. Udhaifu wake ni kivuli. Panda kunde au viazi vitamu kwa nafasi ya karibu ili ardhi ifunikwe mapema. Ndago inayonyimwa jua hudhoofika.

Kiduha

Kiduha si gugu la kawaida na hakipaliliwi kikaisha. Huunganisha mizizi yake na mizizi ya mahindi, mtama, uwele au mpunga wa mlimani, kikanyonya maji na chakula. Ukanda wa Ziwa na magharibi mwa Kenya hutawala kile chenye maua ya zambarau inayoelekea waridi. Kuelekea pwani na kusini mwa Tanzania hupatikana kifupi chenye maua mekundu. Madhara makubwa hutokea kabla hakijachomoza. Ukiona mahindi yamenyauka ilhali udongo una unyevu, na hakuna dalili ya wadudu, ng'oa shina moja taratibu uoshe mizizi yake.

Namna kinavyoamka ni jambo la kustaajabisha, na kulielewa ndiyo nusu ya tiba. Hindi likiwa kwenye udongo uliochoka, hasa uliokosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ya kuwaita kuvu rafiki wanaolisaidia kutafuta chakula. Mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi, husikia mwito huo huo na kuota. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, na mbegu hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Ndiyo sababu kiduha hufuata mashamba yaliyochoka, na samadi ya kutosha huyapunguzia makali mashambulizi yake.

Fanya haya. Ng'oa kila kiduha kabla hakijatoa maua, hata kama mahindi hayo hayawezi tena kuokolewa; unalinda misimu ijayo. Kilichong'olewa kikiwa na maua kichomwe, kisitupwe njiani. Safisha jembe na plau kabla ya kutoka kwenye shamba lenye kiduha kwenda kwa jirani. Badilisha mahindi na soya, kunde, pamba au ufuta: mizizi ya mazao hayo huziamsha mbegu za kiduha, lakini zikiota hazikuti pa kung'ang'ania, zikafa.

Njia iliyo imara zaidi kwa mkulima mdogo ni ile iitwayo sukuma-vuta, iliyoendelezwa na kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, chini ya mtafiti Zeyaur Khan. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na matete ya ng'ombe kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wa bungua, matete huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu hukiamsha kiduha huku ikikizuia kushika mizizi ya hindi. Huu ni ushindani uliogeuzwa kuwa kibarua wetu. Msimu wa kwanza, hata hivyo, huvunja moyo: desmodiamu huota polepole, yenyewe inahitaji kupaliliwa, na mbuzi wa jirani wanaipenda kuliko unavyoipenda wewe. Mkulima asiyeambiwa hayo mapema ataing'oa kabla ya msimu wa pili.

Miti kwa miti

Mwenye shamba la miti hupata shida kukata mti alioupanda mwenyewe. Misindano iliyopandwa mita 3 kwa 3 ni miche 1,111 kwa hekta, na haiwezekani yote iwe mbao. Isipopunguzwa, itajipunguza yenyewe kwa kufa polepole, ikiwa imekwisha kuidhoofisha iliyo bora. Unapopunguzia usihesabu mistari tu, tazama vilele. Ondoa uliopinda, uliogawanyika shina, na ule ambao kichwa chake kimekwisha kufunikwa na wenzake, kwa sababu ukiachwa hautainuka tena. Kwa miche michanga, miaka miwili ya mwanzo, adui ni nyasi. Palilia kisahani cha mita moja kuzunguka kila mche.

Mikorosho ya kusini mwa Tanzania ina ugomvi wa aina yake. Mkorosho huchanua kwenye sehemu ya nje ya kichwa, pale jua linapopiga. Vichwa vikigusana, upande huo huacha kuzaa, na shamba lenye miti mingi hutoa korosho chache. Nafasi inayopendekezwa na kituo cha utafiti cha Naliendele ni mita 12 kwa 12, sawa na miti 28 hivi kwa ekari. Katika shamba la zamani lililobanana, weka alama kwenye miti inayozaa vizuri msimu wa mavuno, wakati ushahidi uko mtini. Kisha uondoe mingine kwa awamu, miaka miwili au mitatu, ili mwenye shamba asikose kipato chote kwa mkupuo.

Mlangamia, zile nyuzi za manjano zinazosokota vichaka vya pwani, hauna haja ya maelezo marefu: kata tawi lote lililoshikwa na ulichome. Ukiuvuta kwa mkono, kipande kitakachobaki kitaanza upya.

Mgeni asiyekubali kuondoka

Mti wa mathenge ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukatwaa malisho. Mwaka 2006 Wailchamus wa huko waliishitaki serikali, na katika kesi hiyo wakaleta mbuzi asiye na meno kuonyesha madhara ya maganda yake matamu. Kwa anayepambana nao leo, mambo mawili ndiyo yenye uzito. Kuukata juu ya ardhi kunauzidisha, kwa hiyo ung'olewe chini ya mahali machipukizi yanapoanzia. Na mifugo ikila maganda mazima hubeba mbegu hadi eneo jipya. Maganda yasagwe kwanza, ndipo yawe chakula.

Mpaka

Malalamiko mengi yatakayokufikia hayatahusu mimea bali majirani. Mwenye miti anavuna nguzo, jirani anavuna kivuli. Usitoe uamuzi ukiwa na upande mmoja. Pita mpakani ukiwa nao wote wawili, hesabuni pamoja mistari ya mahindi iliyoathirika, na mkubaliane kuchimba mtaro wa majaribio uliotajwa juu. Watu hukubali zaidi jambo waliloliona kwa macho yao kuliko kauli ya afisa. Kenya, kumbuka pia kwamba kanuni za mwaka 2009 za misitu ya mashambani zinamtaka mkulima awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba lake, kwa hiyo suluhisho la kufyeka yote si suluhisho.

Wakishindwa kuelewana, Tanzania lipo Baraza la Ardhi la Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Pale panapowezekana, pendekeza kuni za kupogolea upande wa jirani ziwe za jirani. Mara nyingi hilo peke yake hutuliza.

Makubaliano yaandikwe. Yataje nani atapogolea na mwezi gani, mtaro utachimbwa upande wa nani na kwa gharama ya nani, miti itavunwa ikiwa na umri gani, na itakayopandwa baadaye itarudi ndani mita ngapi kutoka mpakani. Kama ni mikaratusi, yataje pia ni nani atakayeshughulikia visiki, maana vitachipua, na machipukizi yasiyoandikwa popote yatawarudisha watu hao hao barazani. Kila upande ubaki na nakala yake, na ya tatu iwekwe ofisi ya kijiji.